Namba Tatu na Namba Nne

Ilipofika saa nne kasoro robo, fundi cherehani, amekaa kitandani na gauni la kliniki, alikuwa ameshamaliza chupa ya pili ya maji, na nesi wetu alikuwa amesimama mlangoni akimkazia macho kama askari wa zamu.

"Mama, bado glasi moja."

"Sista, hiyo glasi nikiiongeza nitawafurikishia chumba."

"Shikilia. Kibofu kikijaa ndipo daktari anapoona vizuri njia ya kupita. Saa tano kamili tunakuingiza. Saa tano na nusu unakwenda msalani kwa raha zako."

"Unaijua saa tano ilivyo mbali kwa mtu aliyekaa hivi?"

Mume wake, fundi umeme, alikuwa ameegemea dirisha akitabasamu. "Vumilia, mke wangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Wewe uliyetoka msalani sasa hivi ndiye wa kunifundisha uvumilivu?"

Nesi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilikuwa ukumbini, faili lao nimelikumbatia kifuani, na kicheko hakikunijia. Wiki tatu nzima nilikuwa sijacheka.

Kazi yangu katika kliniki ile ilikuwa ushahidi. Waliokuja kwetu ni watu waliokosa mtoto, au waliopata mtoto mgonjwa wakaogopa kupata mwingine kama yule. Yai la mke na mbegu ya mume hukutanishwa kwenye kisahani, na kinachoanza kukua pale, kabla hakijawa mimba, huitwa kiinitete. Visahani ni vingi na wenyewe ni wengi, kwa hiyo hakuna kosa tunaloliogopa kuliko kuchanganya. Kila kitu kinapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, watu wawili huwapo. Mmoja hutenda na kutaja namba. Wa pili hutazama lebo zote mbili, husema "nimeona", kisha hutia saini. Bila saini ya pili kazi huhesabiwa haijafanyika, hata kama imefanyika.

Mtendaji wetu tulimwita Mikono, kwa sababu mikono yake haikujua kutetemeka. Mimi aliniita Macho. "Mikono na Macho," nesi alizoea kusema, "bado tumtafute Miguu, tupate mtu mzima mmoja humu ndani."

Na mimi nina tabia ya kuomba nikiwa kazini. Siombi kwa sauti. Naomba moyoni, neno moja au mawili, kwa kila kiinitete kinachopita mbele yangu. Mikono alijua. "Endelea hivyo hivyo, Macho," alinitania siku moja. "Watoto wa kliniki hii watazaliwa wameshaokoka."

Fundi cherehani nilimjua zaidi kidogo ya ninavyowajua wengine. Siku yao ya pili kwetu aliniona nikipita chumba cha kusubiria, akaniita. "Dada, hebu njoo. Huwezi kutembea na pindo linaburuzika." Akatoa sindano kwenye mkoba, akapiga magoti sakafuni, akanishonea gauni la kazi nikiwa nimelivaa. Huku akishona alinieleza habari za binti yake. Alikufa akiwa na miaka saba. Alikuwa na seli mundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, mtoto akalia mifupa inamuuma. Mama na baba waliubeba ugonjwa ule bila kuumwa na bila kujua, wakaurithisha.

"Alipenda kuhesabu vifungo," aliniambia. "Nikipokea shati la mteja, yeye kwanza ahesabu vifungo. Akikosa kimoja ananisuta kama mimi ndiye niliyekila." Akakata uzi kwa meno. "Mume wangu amesema hatabeba tena jeneza dogo. Tupate mtoto aliyepimwa, au tubaki wawili. Basi niombee, dada."

Nikamwambia nitamwombea. Ahadi ni deni.

Siku ya kupima ilifika. Vilikuwa viinitete vinne. Kazi ya siku ile ni kutoa chembe tano au sita pembeni mwa kila kimoja na kuziweka kwenye kichupa chenye namba yake. Vichupa vinapelekwa maabara nyingine kupimwa, na viinitete vyenyewe vinabaki kwetu kwenye mtungi wa baridi kali. Hizo chembe ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya zimekwenda. Namba moja na namba mbili vilikuwa dhaifu, hata mimi niliona kwenye skrini ya hadubini. "Tatu na nne ndio wenye sura," Mikono alisema.

Nikakumbuka ahadi yangu. Mikono aliposema, "Namba tatu," nilifumba macho nikaanza kuomba. Nilidhani ni kwa kitambo kidogo tu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimeona." Akasema, "Namba nne." Nikasema tena, "Nimeona." Mdomo ulijibu wenyewe, kama mtu anayeitikia salamu usingizini.

Kisha nikamsikia Mikono akisema, "Ah." Halafu akasema, "Sawa."

Nilipofumbua macho, vichupa vyote viwili vilikuwa katika mkono wake wa kushoto, na vyote viwili vilikuwa wazi. Sheria ni kwamba kimoja kifungwe ndipo kingine kifunguliwe. Alivifunga kwa haraka, akavipanga. "Saini," akasema. Nikatia saini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuuliza pale pale. Kuuliza kungekuwa kukiri. Na Mikono hakuwahi kukosea. Mchana ule ule vichupa vikaondoka, na kila saa niliyonyamaza iliifanya saa iliyofuata iwe nzito zaidi.

Baada ya siku kumi na mbili majibu yakaja. Namba moja na namba mbili vilikuwa na hitilafu ambayo hakuna mtoto anayezaliwa nayo. Namba nne kilikuwa na seli mundu. Namba tatu kilikuwa kizima.

Mume na mke walilia wakashikana mabega. Walichagua siku ya mama kuwekewa namba tatu tumboni, na wakatia saini fomu ya kuondoa namba nne. Ingefanyika jioni ya siku ile ile: kutolewa kwenye mtungi, kuachwa mezani kwenye bakuli mpaka kiishe.

Sasa niambie, kama vichupa vilibadilishana katika ile "ah", tulikuwa tunakwenda kuuweka ndani ya mama yule ugonjwa alioukimbia, na jioni tumtupe mtoto wake mzima. Na duniani nilikuwa mtu mmoja tu niliyejua kwamba swali lipo.

Nyumbani sikutulia. Nilianza kufua nikaacha nguo ndani ya maji. Nilitoka dukani bila kile nilichokifuata. Mdogo wangu, ambaye naishi naye, alinipokonya sufuria mkononi. "Una nini, dada? Umeisugua mpaka naona uso wangu. Sitaki kuuona uso wangu kwenye sufuria ya maharage." Nilipiga magoti kuomba, nikasimama, nikaenda kufunga dirisha lililokuwa limeshafungwa, nikarudi. Sala haikupanda. Nadhani Mungu alikuwa anangoja kwanza niseme na watu.

Ndivyo nilivyoufikia ukumbi ule asubuhi ile, na faili kifuani.

Maabara ni chumba kidogo kisicho na dirisha. Mikono alikuwa ameshavaa glovu. Aliinua kifuniko cha mtungi, moshi wa baridi ukamwagika pembeni ukatambaa sakafuni. Kwa koleo refu alivuta mrija mwembamba, akaushikilia karibu na mdomo wa mtungi ili lebo ionekane na mrija usipate joto.

"Soma, Macho."

Lebo niliiona. Jina la mama, jina la baba, namba tatu.

"Rudisha kwanza," nikasema.

"Nini?"

"Urudishe kwenye baridi. Nina neno."

Akaurudisha, akafunika. Akanitazama juu ya barakoa.

"Siku ile ya kupima sikuona," nikasema. "Tatu na nne. Nilisema nimeona, lakini nilikuwa nimefumba macho."

"Umefumba macho unafanya nini?"

"Naomba."

Kisha akatoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Mtu tumemwajiri awe macho. Akafumba." Akavua glovu moja, akaivaa tena. "Sikiliza. Hilo neno usilitoe nje ya mlango huu."

"Ulisema 'ah'."

"Nilisema 'ah' kwa sababu glovu ilinasa kwenye kifuniko. Basi."

"Vyote viwili vilikuwa wazi, Mikono."

"Sekunde mbili. Mikono yangu ilijua kipi ni kipi."

"Na mimi je?"

"Wewe ulitia saini!" Sauti yake ilipanda mpaka mashine zikaonekana kama zimenyamaza. "Miaka kumi na minne, Macho. Unajua ni watoto wangapi wanatembea barabarani kwa sababu ya mikono hii? Leo unataka kunichafua kwa sala yako."

"Najichafua mwenyewe. Wewe ulitenda. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Daktari alisikia sauti, akaingia akiwa ameshavaa kofia ya chumba cha kuwekea viinitete. Ni mwanamke mpole anayesema taratibu, na upole wake siku ile ndio ulioniweka pagumu. Alisikiliza pande zote mbili, akaegemea mlango.

"Mikono, una hakika?"

"Nina hakika."

"Na wewe huna ushahidi kwamba alikosea."

"Sina."

"Basi pima maneno yako kabla hujayatoa," akaniambia. "Ukinyamaza, karibu hakika yule mama anapata mtoto mzima. Ukisema, kuna mambo mawili. Awekewe namba tatu akae na hofu miezi yote. Au tupime upya, yaani tukipashe joto, tutoe chembe tena, tukigandishe tena. Katika vingi, kimoja huwa hakivumilii. Inaweza kuwa hicho kizima. Umekaa na mzigo huu wiki tatu, nakuonea huruma. Lakini kuwaambia leo, mama wa watu amekaa pale na kibofu kimejaa, si ni kuutua mzigo wako mabegani mwao ili wewe upumue? Huo ni uungwana?"

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Ndiyo, nilitaka kupumua. Nilisimama pale nikatafuta moyoni kama kuna sababu nyingine isiyokuwa kupumua kwangu. Nikaiona moja.

"Jioni namba nne kinaondolewa," nikasema. "Kwa saini yao. Wametia saini kwa kuniamini mimi. Mungu hakuniweka pale nifumbe macho. Aliniweka nione, na sikuona. Siwezi kuwaachia watupe kitu wasichokijua."

Daktari alifumba macho yake mwenyewe kidogo. Akavua kofia. "Twende wote. Nianze mimi kusema."

Chumbani kwao alianza vizuri. Alivuta kiti, akakaa usawa wao. "Kuna hatua moja katika kazi yetu," akasema, "ambayo haikushuhudiwa ipasavyo."

"Ipasavyo maana yake nini?" mume akauliza.

"Maana yake ni kwamba utaratibu tulionao wa watu wawili..."

"Maana yake nilifumba macho," nikasema. Sikuweza kungoja. "Chembe za namba tatu na za namba nne zilipowekwa kwenye vichupa, mimi ndiye niliyetakiwa kuona. Sikuona. Nikasema nimeona. Vichupa vyote vilikuwa wazi kwa pamoja. Huenda kila kitu kiko sawa. Huenda majibu ya tatu ni ya nne, na ya nne ni ya tatu. Sijui. Nisameheni."

Fundi cherehani alimtazama mume wake, akamtazama daktari, akanitazama mimi. Uso wake haukuonyesha kitu. Akajishika gauni kwa nyuma, akateremka kitandani.

"Naenda msalani."

"Mama, lakini..." nesi akaanza.

"Sista, leo hamniwekei kitu. Nipishe."

Akapita karibu kukimbia. Mlango wa msalani ulikuwa pale pale ukumbini, na ukuta ulikuwa mwembamba. Sote wanne tulisimama tukasikia maji yakitoka, yakitoka, yakitoka, kama hayatakwisha. Mume alicheka ghafla, kicheko cha kweli, kisha akafunika uso kwa mikono miwili na mabega yakaanza kutikisika.

Mke aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakupanda kitandani. Mikono naye alikuwa ameingia, amesimama karibu na mlango.

"Wewe ndiye uliyeifanya kazi hiyo?" mume akamuuliza.

"Ndiye mimi, kaka. Na nakuambia sikukosea."

"Mimi ni fundi umeme. Mwenzangu akiniambia amezima, namwamini. Ni mwenzangu, tunakula pamoja. Lakini kabla sijagusa waya napima. Si kwa sababu ni mwongo. Ni kwa sababu waya hauna habari na imani yangu." Akapumua. "Sasa hebu niapie. Ile siku, kichupa cha tatu kilipata chembe za tatu. Apa."

Mikono alifungua mdomo. Nilimwona akirudi nyuma mawazoni, akiisaka ile sekunde. Mikono yake ilinyanyuka kidogo hewani, wa kushoto ukashika vichupa visivyokuwepo, wa kulia ukasita.

"Nadhani..." akasema. Akasimama hapo.

"Umedhani," mume akasema polepole.

"Saa moja iliyopita ningeapa." Mikono akaiteremsha mikono yake. "Sasa najiona nikishika kwa kushoto, na sikumbuki nilianza na kipi kufunga. Samahani, kaka."

Fundi cherehani alinigeukia mimi.

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Wawe wazima."

"Nani?"

"Wote wawili."

"Hukumwombea namba tatu peke yake?"

"Siku ile hakuna aliyejua, mama."

Akakaa kwenye kiti cha daktari, bila kuulizwa. "Ni kweli," akasema. "Siku ile hata mimi niliwaombea wote. Karatasi ikaja, nikaacha kumwombea mmoja. Wiki nzima nimempenda namba tatu. Nimemkatia hata kitambaa, Mungu anisamehe, mapema hivi. Na namba nne nimemwogopa kama mwizi aliye nje ya nyumba. Sasa niambieni, nimwogope yupi?"

"Mke wangu," mume akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya namba kwenye karatasi."

"Tulikubaliana kwamba sitabeba tena jeneza dogo."

"Na sijakuambia ulibebe. Sijasema niwekewe mgonjwa. Nasema asitupwe mtu ambaye hatujamjua."

"Na tukishamjua?"

Alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa gauni la kliniki, anauzungusha kidoleni. "Binti yetu angepimwa akiwa hivi, ndiye angekuwa namba nne," akasema. "Angeachwa kwenye bakuli. Asingehesabu kifungo hata kimoja."

"Na asingelia mifupa," mume akasema. Hakusema kwa ukali. "Wewe ulikuwa unamshika miguu, mimi namshika mikono. Aliniuliza kwa nini simwondolei. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi."

"Basi," mke naye akasema, na hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake. Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba katika jambo kama lile mmoja huwa na haki na mwingine ana hofu. Pale niliwaona wote wana haki na wote wana hofu.

Daktari aliwaeleza upya njia zilizopo, na safari hii hakuficha kitu. Aliwaambia kwamba kosa ni la kliniki, na kwamba yeye pia asubuhi ile alisita kuwaambia. Nilimheshimu kwa hilo.

"Pimeni upya," mume akasema.

"Wote wawili," mke akasema. "Nyote mwone, na mashahidi wawe wawili, hata watatu. Na ile fomu ya kuondoa, naomba mnirudishie."

"Ina saini zenu wote," daktari akasema, akimtazama mume.

Mume hakusema ndiyo wala hapana. Nilifungua faili, nikaitoa. Fundi cherehani aliikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, akaitia kwenye mkoba wenye sindano na nyuzi, akafunga zipu.

Alipokuwa amevaa nguo zake na yuko tayari kuondoka, alisimama mbele yangu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka.

"Sijui nikuambie nini," akasema. "Ungenyamaza, leo ningekushukuru. Ningekuletea hata gauni jipya. Nimekukasirikia kwa sababu umenifanya nijue."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko. Nitafika, lakini si leo." Akapandisha mkoba begani. "Na kazini usiniombee. Nyumbani kwako omba unavyopenda. Hapa nitazame."

"Nitakutazama, kama wataniacha nibaki."

"Waambie mimi nimetaka."

Daktari alituagiza mimi na Mikono tuandike maelezo, kila mtu yake, kabla ya mchana. Ukumbini Mikono alinipita. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Alisema tu, "Jana nililala vizuri, Macho. Kumbuka hilo," akaingia ofisini akafunga mlango. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa lawama au kitu kingine.

Nikachukua karatasi na kalamu, lakini chumba kilikuwa kidogo na kifua changu kilikuwa hakijatulia. Kupumua nilikokutegemea hakukuja. Nilitoka nje, nikasimama penye ngazi, nikaiweka karatasi juu ya ukingo wa ukuta, nikaandika tarehe, nikaifuta, nikaiandika tena. Nilijaribu kuomba. Yalitoka maneno mawili tu, "Uwaangalie," na safari hii nilikuwa nimekodoa macho barabarani, ambako gari lao lilikuwa linangoja na mlango mmoja wazi.

Mume alikuwa amemsindikiza mke mpaka kwenye kiti. Nikamwona anasema naye kitu, kisha anarudi kuelekea kwangu, anatembea haraka, mikono mfukoni.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Tuseme wamepima, na tumemjua mzima ni yupi." Alikuwa anatazama mlango wa kliniki, hanitazami mimi. "Huyo mwingine. Anaweza kukaa kwenye ule mtungi muda gani?"

"Miaka."

"Mingapi?"

"Wapo waliokaa kumi. Wapo waliozidi."

"Anasikia baridi?"

"Hapana."

"Una hakika, au unanifariji?"

"Hilo nina hakika. Hana bado cha kusikia baridi."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Ile fomu, mimi ndiye niliyeshika kalamu kwanza," akasema. "Yeye alitia saini kwa sababu mimi nilikuwa nimetia. Sijabadilika. Usidhani nimebadilika. Jeneza sibebi." Akafuta midomo kwa kiganja. "Nimeuliza tu. Usimwambie kwamba nimeuliza."

Kutoka garini mke aliita, "Unamsumbulia nini tena dada wa watu?"

"Nauliza saa wanazofungua!" akamjibu, na alikuwa ameshateremka ngazi mbili kabla mimi sijasema kama nimekubali au nimekataa.